Swichi Moja ya Vyumba Vyote

Jumatatu, 3 Machi

Leo kazini nimesema neno moja tu. Neno lenyewe ni "ndiyo", na swali halikuwa langu.

Hii ndiyo wiki ya mwisho ya majaribio. Madam, msimamizi wetu, ametuita mezani kwake mimi na Spika. Spika ni mwenzangu, tumemaliza shule mwaka mmoja na tumeanza kazi siku moja. Jina amelipata kwa sababu hanyamazi hata akitafuna. Mimi wananiita Kimya. Yeye ndiye aliyelianzisha, na fundi aliyenifungulia akaunti ya kompyuta akaliandika hivyo hivyo, "kimya", kwa herufi ndogo. Sikuweza kumwambia kuwa nina jina la kubatizwa.

Madam amesema nafasi ya kubaki ni moja. Tumepewa tatizo moja, kila mtu alitafutie muundo wake, na mwenye muundo bora ndiye atakayebaki. Mama ameshawaambia majirani wote kwamba mimi ni injinia. Ameshawaambia! Kwa hiyo nisipobaki tutahama mtaa.

Tatizo naliandika hapa kwa maneno yangu, nione kama kweli nalielewa. Ofisi yetu ina mashine moja kubwa. Ndani yake kuna vyumba. Si vya matofali, ni vya mtandao. Duka la dawa lililo chini yetu lina chumba chake, shule ya udereva ina chake, studio ya picha ina chake, na mimi na Spika tumepewa vya kujaribia. Kila mpangaji anajiona yuko peke yake duniani. Lakini chini ya wote kuna kiini kimoja, yaani ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo inayoamua nani apewe nini. Na kiini hicho kina swichi moja ya uchujaji. Ikiwa chini, pakiti za data zinavuka kutoka waya mmoja hadi mwingine bila kuulizwa zinakwenda wapi. Ikiwa juu, kila pakiti inasimamishwa na kichujio na kukaguliwa kwa kanuni za chumba chake. Swichi moja kwa mashine nzima! Chumba kimoja kikiibonyeza, vyote vimebonyezwa. Tunatakiwa tubuni namna ya kukipa kila chumba swichi yake.

Shida hii naijua tangu utoto. Chumba changu na cha Shangazi vimetenganishwa na ukuta usiofika darini, na balbu ni moja, inaning'inia juu ya ukuta. Swichi iko upande wake. Shangazi ni fundi cherehani. Akishona, mimi silali. Akilala, mimi sisomi.

Nilikuwa nimefurahi kabisa mpaka Madam alipomalizia. Ijumaa kila mmoja atasimama mbele ya wakubwa aeleze muundo wake. Asimame! Aeleze! Kwa mdomo!

Mpango: nitaandika muundo ulio wazi mpaka asiwepo wa kuuliza swali. Nitawapa mapema. Siku yenyewe nitasimama, nitasema "kama mlivyosoma", nitakaa.

Jumanne, 4 Machi

Mambo yanakwenda vizuri kupita kiasi. Chini ya meza yangu kuna mashine ndogo ya majaribio, na nimeiwekea kiini nilichokirekebisha mwenyewe. Kila chumba kina swichi yake! Nabonyeza hiki, kile kinatulia. Nabonyeza kile, hiki kinatulia. Nimebonyeza asubuhi nzima, kwa raha tu, mpaka kidole kimezoea njia.

Nimeongeza na rekodi. Swichi ikibonyezwa, kiini kinaandika chumba gani na nani. Kiini cha sasa kinaandika tu kwamba imebonyezwa, basi, kama mtoto anayesema sahani imevunjika.

Kwenye ukurasa wa pili nimetoa mfano wa hatari. Chumba cha duka la dawa kina kanuni za zamani zilizoandikwa na fundi aliyekwishaondoka. Zinasema: usipitishe chochote. Vyumba vingine vinazo za namna hiyo hiyo. Hazidhuru, kwa sababu swichi iko chini, zimelala. Nimeandika hivi: "Siku mtu mmoja asiye makini atakapobonyeza swichi kwa shughuli zake binafsi, kanuni hizi zitaamka na wapangaji wote watakatika." Nimeipigia mstari "asiye makini". Nimeisoma mara mbili. Inapendeza.

Spika naye ana hoja yake na ameizungusha ofisi nzima. Chumba kipya kikizaliwa, swichi yake iwe wapi? Kuna chumba kinachoanza mashine inapowashwa, tunakiita chumba mama, na vingine vyote vinazaliwa humo. Je, mtoto arithi swichi kama mama alivyoiacha, au azaliwe safi, swichi chini, ajipangie mwenyewe? Ameuliza kila mtu, hadi aliyeleta maji ya kunywa. Yeye anasema azaliwe safi. Eti hujui mama alikuwa na hali gani siku hiyo.

Sikuwa nimelifikiria. Nimerudi nyumbani nikamuuliza Mama. Mama alikuwa anapanga vyombo, hakugeuka. Akasema mtoto anazaliwa na pua ya mama yake, itakuwa swichi? Shangazi akadakia kutoka kwenye cherehani kwamba kama ni kurithi, mbona huyu hakurithi mdomo wako, wifi? Wakacheka mpaka Mama akaweka sahani chini.

Nimeandika: arithi.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa kwanza umekufa. Madam ameusoma muundo wangu, ameupenda, na ana maswali. Hataki kuniuliza leo. Anataka kuniuliza Ijumaa mbele ya wote, ili na wengine wafaidike. Tena yule mbia wa kampuni anayeishi mbali atakuwepo kwa video, ukutani. Nimeuona ule ukuta. Uso wake utakuwa na ukubwa wa mlango.

Madam aliongeza, kama mzaha, kwamba mbia huyo asipopatikana kwa video, basi watampelekea maandishi tu naye aamue kwa kusoma. Nililiweka neno hilo moyoni. Sikuwa na nia mbaya wakati naliweka.

Nyumbani nimejaribu kufanya mazoezi mbele ya kioo cha kabati. Kwa kunong'ona, maana ukuta wa Shangazi haufiki juu. Mama akasikia minong'ono, akafungua mlango ghafla, akataka aijue namba ya huyo kijana. Nikamwonyesha simu, imezimwa. Nikamwonyesha karatasi. Akaisoma kichwa chini miguu juu, uso ukachanua. Ingekuwa heri angebaki na lile wazo la kijana.

Ameita watu. Jirani wa nyumba ya pili na wanawe, na mteja wa Shangazi aliyekuja kupima gauni, bado ana pini kiunoni. Wamepangwa kwenye makochi. Mama akanitambulisha kama injinia anayetengeneza moyo wa kompyuta. Nikasimama. Nikasema "kiini". Kisha nikasema nakwenda kunywa maji.

Nimekaa jikoni mpaka walipoondoka. Kupitia mlango nilimsikia Mama akinisaidia kueleza. Alieleza ile ya pua. Walimpigia makofi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata.

Kompyuta ya ukumbi wa mikutano inapata mtandao kupitia chumba changu cha majaribio kwenye mashine kubwa. Chumba changu mwenyewe! Nikiandika kanuni ndogo humo, "usipitishe pakiti za kompyuta ya ukumbi", halafu kesho kabla ya mkutano nibonyeze swichi ili kichujio kiamke, video haitatokea. Madam atahangaika kidogo, atasema basi, apelekewe maandishi. Kwenye maandishi mimi simwogopi mtu. Baada ya mkutano naibonyeza tena ishuke. Nani ameumia? Hakuna. Nimegusa chumba changu tu.

Kanuni nimeshaiandika. Moyo unanienda mbio kama niliyeiba. Sijaiba.

Spika leo amenigawia nusu ya mkate wake na kuniuliza, dada, unaogopa kesho? Nikatikisa kichwa kwamba hapana. Akasema yeye anaogopa sana, ndiyo maana anaongea. Sikujua kwamba watu wanaogopa hivyo.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui nianzie wapi. Ningependa nianzie kwenye ardhi kupasuka na kunimeza, lakini haikupasuka.

Asubuhi nilibonyeza. Kidole kilikwenda chenyewe, kama kilivyokwenda wiki nzima kwenye mashine ndogo chini ya meza. Mashine ndogo yenye kiini kipya. Kiini changu. Ambamo kila chumba kina swichi yake.

Mashine kubwa bado ina kiini cha zamani.

Sikukumbuka. Mimi! Niliyeandika ukurasa wa pili! Niliyepiga mstari!

Nikaingia ukumbini nikitarajia ukuta mtupu. Nikakuta uso wa mbia, mkubwa kama mlango, unatabasamu. Madam haiamini kompyuta ya ukumbi siku za mikutano mikubwa, anatumia intaneti ya simu yake. Ofisi nzima ilikuwa inalijua hilo. Ningeuliza mtu ningelijua na mimi.

Spika akaanza. Alisimama kama amezaliwa amesimama. Alieleza vyumba vinavyozaliwa safi, akatia na kichekesho, mbia akacheka mpaka ukuta ukatikisika. Mimi nilikuwa nimeinama, nahesabu vifungo vya shati langu.

Ndipo miguu ikasikika ngazini.

Wa kwanza alikuwa Mama Dawa, mwenye duka la chini, koti jeupe, miwani kichwani. Akauliza nani amemkatia mtandao na ana foleni hadi barabarani. Hajamaliza, akaingia Mwalimu wa Gia kutoka shule ya udereva, na mwanafunzi wake aliyekuwa katikati ya mtihani wa alama za barabarani. Kompyuta imeganda kwenye alama ya "simama". Mwanafunzi alisema amesimama mpaka amechoka. Kisha mpiga picha, na nyuma yake mtu na mkewe waliokuja kuchagua picha za harusi, hawaelewi kwa nini wako hapa. Nilitaka kukwepa macho ya watu wachache. Sasa ukumbi ulikuwa umejaa hadi mlangoni.

Madam akafungua kompyuta yake, akaangalia mashine. Swichi iko juu. Akaishusha. Chini dukani mtu akapiga kelele kwamba mtandao umerudi. Madam akasoma rekodi: swichi imebonyezwa. Na nani? Haisemi. Akavua miwani, akauliza kwa upole, ambao ni mbaya kuliko ukali: nani kabonyeza?

Kimya. Nazungumzia hali ya ukumbi, ingawa na mimi nilikuwepo.

Spika akanyoosha mkono. Akasema itakuwa ni yeye. Kwamba asubuhi alikuwa anafanya mazoezi chumbani mwake kwenye mashine kubwa, aliibonyeza kidogo aone, akaishusha, yaani alidhani ameishusha. Itakuwa aliisahau. Akawaomba radhi wote, mmoja mmoja, hadi wale maharusi.

Nilifungua mdomo. Nakumbuka vizuri kwamba niliufungua. Hewa iliingia. Nikaufunga.

Ikawa zamu yangu. Nikasimama, nikasema "kama mlivyosoma", sauti ikatoka kama ya mlango usiotiwa mafuta. Madam akaniangalia usoni, nadhani akanihurumia, akachukua karatasi akasoma mwenyewe. Alisoma ukurasa wa pili kwa sauti. "Mtu mmoja asiye makini." Watu wote wakamgeukia Spika. Aliposoma sehemu ya rekodi, mbia akasema kutoka ukutani kwamba huu ndio muundo, maana ungekuwepo leo tusingehitaji kuuliza mtu. Mama Dawa akanishika bega. Akasema huyu, huyu mnyamavu, ndiye mwenye akili. Wenye maneno mengi ndio wanaotukatia mtandao.

Nimebaki. Spika mwisho wake ni Jumatano ijayo.

Wakati wa kutoka alinipa mkono. "Hongera, dada." Mkono wake ulikuwa wa baridi. Wangu ulikuwa na jasho. Nimeunawa mara kadhaa.

Jumamosi, 8 Machi

Mama ametangaza. Watu wanaingia, wananipa mikono, wanatoka. Chakula hakipiti. Mama anasema ni furaha, yeye naye alipoolewa hakula.

Shangazi alishona mchana kutwa. Jioni akanichungulia juu ya ukuta, amesimama kwenye kiti, tepu shingoni. Akaniuliza mbona nina uso wa mtu aliyetia mkasi kwenye kitambaa cha mteja. Nikasema nimechoka tu. Akasema ahaa. Akasema yeye alishawahi kukata mkono wa gauni ukawa mfupi, akamwambia mteja ni mtindo mpya, na mteja akalivaa hadi kwenye sherehe, na yeye alikuwepo kwenye sherehe hiyo hiyo, amekaa meza ya karibu. Chakula hakikupita, akasema. Kisha akashuka kwenye kiti, akazima taa. Na yangu ikazimika.

Jumatatu, 10 Machi

Spika haongei.

Hakuna aliyezoea. Watu wanamtazama kama redio iliyoharibika. Amekaa anaviringa nyaya zake na kuzifunga na uzi, moja moja, kwa unadhifu ambao sikujua anao. Siku ya kwanza baba yake ndiye aliyemleta hadi mlangoni. Baba alikuwa amevaa suti, siku ya joto, kwa ajili ya kumleta mwanawe kazini. Nilikumbuka suti ile na nikashindwa kuandika mstari mmoja wa maana.

Mchana akanisogelea. Akasema amejaribu kukumbuka tangu Ijumaa. Anauona mkono wake unaishusha swichi. Anauona kabisa. Lakini rekodi haidanganyi, kwa hiyo ni kichwa chake kinachodanganya. Akaniuliza:

"Dada, hivi mtu anaweza kufanya kitu na asijue kabisa kama amekifanya?"

Nikasema, "Ndiyo."

Ndiyo! Maneno yote ya lugha hii, nikachagua hilo!

Nimekwenda chooni nikakaa. Nikiwa huko nimepata mpango, na safari hii ni mpango mwema. Madam amenipa kazi ya kuweka kiini kipya kwenye mashine kubwa kesho, kabla wapangaji hawajafungua. Kiini kipya kinaandika majina. Kila asubuhi Madam husoma rekodi akiwa na kikombe chake cha chai. Basi nitabonyeza swichi ya chumba changu. Rekodi itaandika "kimya". Madam atashangaa, ataingia chumbani mwangu, ataikuta ile kanuni ya kompyuta ya ukumbi, na kanuni ina tarehe ya Alhamisi. Ataelewa yote. Spika atabaki na mimi nitafukuzwa, na nitakuwa nimekiri kila kitu bila kufungua mdomo!

Ni mpango safi. Haugusi mtu. Swichi sasa ni ya kila chumba.

Jumanne, 11 Machi

Swichi sasa ni ya kila chumba. Ndiyo. Vyumba vikiwepo.

Niliweka kiini kipya. Nikawasha mashine. Chumba mama kikaanza. Nilijua nikikaa kidogo tu ujasiri utaniacha, kwa hiyo nikabonyeza hapo hapo. Papo hapo. Kabla chumba changu hakijazaliwa. Kabla hakijazaliwa chumba chochote.

Nilikuwa ndani ya chumba mama.

Kisha vikaanza kuzaliwa. Cha duka la dawa, cha shule ya udereva, cha studio. Nikaviona vinapita kwenye kioo cha kompyuta, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kina pua ya mama yake. Swichi juu. Juu. Juu. Nilivyoandika mwenyewe. Arithi.

Nilikuwa bado natafuta pa kubonyeza niliposikia miguu ngazini. Miguu ya Mama Dawa sasa naijua. Alisema kabla hajafika mlangoni. Alisema nyinyi watoto mnanitafuta nini, mnataka niuze dawa kwa kuota ndoto? Mwalimu wa Gia akafuata na yule yule mwanafunzi, aliyekuwa anarudia mtihani. Alama ile ile.

Wote wakamgeukia Spika. Spika akajiangalia mikono, kama ya mtu mwingine.

Madam akafungua rekodi. Akasoma kwa sauti, maana sasa rekodi inasema. "Chumba mama. Kimya." Akasoma tena polepole. Akanitazama. Akazishusha swichi zote, moja moja, na sasa ni nyingi, ilichukua muda. Kisha akaingia chumbani mwangu kuhakikisha, na akaikuta kanuni. Aliisoma kimoyomoyo. Niliona macho yake yanafika kwenye tarehe.

Mpango ulikuwa unafanya kazi! Nasema kweli, kwa kitambo kidogo nilijisikia nafuu.

Akaniuliza: na ile ya Ijumaa? Nikainamisha kichwa kwamba ndiyo. Akasema yeye hasikii vichwa.

"Ndiyo," nikasema.

Spika akachukua koti lake akatoka. Mama Dawa alinitazama kama dawa iliyopita muda wake. Akasema kumbe.

Madam hakunifukuza. Ningependa angenifukuza. Akasema hakuna anayebaki na hakuna anayeondoka, majaribio yanaendelea kwa wote wawili, na muundo utakuwa mmoja, tuuandike pamoja: rekodi yangu, na vyumba vya Spika vinavyozaliwa safi, maana sasa tumeona mama anaweza kuamka vibaya. Na Ijumaa wapangaji wote wataitwa ukumbini, na mimi nitawaeleza nilichofanya na kwa nini. Nimesimama. Bila karatasi. Kuanzia mwanzo.

Jumatano, 12 Machi

Spika amerudi. Ameketi kwenye meza yangu, si yake, akaweka mkate katikati, hakuukata.

Nilitarajia anifokee. Nilikuwa nimejiandaa kufokewa. Hakufoka. Akasema Ijumaa ile jioni alimwambia baba yake kwamba ameharibu kazi. Baba aliinuka. Aliingia ndani akaikunja ile suti, akairudisha kwenye mfuko wake wa plastiki. Jana ndipo alipomweleza kwamba haikuwa yeye, na baba akamwambia usinidanganye tena, mwanangu, nilishakusamehe. Hamwamini. Na yeye mwenyewe, alisema, kuna dakika hajiamini.

Kisha akasema:

"Ungesema tu, dada. Ningekucheka siku moja, basi."

Nikafungua mdomo. Safari hii kikatoka kitu, ila si neno, ni kilio, tena kile kibaya cha kukoroma. Spika akaukata mkate. Akanipa nusu ndogo. Nadhani ni haki.

Nimeamua. Ijumaa nitasema kila kitu, na nitamwomba Spika amlete baba yake asikie kwa masikio yake. Nimeshamwomba. Kwa karatasi, lakini nimemwomba. Amekubali. Baba atakuja na suti.

Tatizo ni Mama. Amesikia kwamba Ijumaa nazungumza mbele ya watu. Hakuuliza nazungumza nini. Amealika nyumba ya pili yote, Shangazi anafunga cherehani yake, na mteja mwenye pini anakuja na gauni lililokamilika. Watakaa mstari wa mbele. Mama atataka kupiga makofi. Nikimwangalia usoni sitaweza, najijua. Nitasema "kiini" na kwenda kunywa maji.

Lakini nimepata wazo. Si mpango, ni wazo tu. Ninachoshindwa mimi si kusema, ni kuangaliwa. Ukumbi ule hauna dirisha. Ukiwa giza, hakuna uso wangu na hakuna uso wa Mama, nitayasema yote hadi ya mwisho, na baba yake Spika atayasikia. Na taa za ukumbi zina swichi yake, nyuma ya mlango. Leo nilibaki nyuma nikaichunguza. Ni ya ukumbi peke yake, inaonekana kabisa. Haigusi chumba kingine chochote. Waya wake unapanda ukutani, unapita juu ya mlango, unaingia upande wa chumba cha mashine kubwa.

Baada ya hapo sikuufuata.